Sahani za Kiingereza Zilizosifu Ushindi wa Marekani

Mwaka 1812 Uingereza na Marekani ziliingia vitani, na biashara ya vyombo vya udongo ikaharibika. Hasara hiyo iliwaumiza sana wafinyanzi wa jimbo la Staffordshire, kwa maana Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wao wakubwa. Amani ilipopatikana, walitafuta njia ya kuwavuta tena. Wakafikiri kwamba Mmarekani atapenda kulia katika sahani yenye picha ya nchi yake mwenyewe, nao hawakukosea.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Fundi aliichora picha kwa kuikata katika bamba la shaba nyekundu. Bamba lilipashwa moto, likapakwa wino mzito wa mafuta uliochanganywa na kobalti, madini yatoayo rangi ya buluu. Kisha likafutwa, ukabaki wino uliomo ndani ya mistari tu. Karatasi nyembamba iliyoloweshwa ilibanwa juu yake katika mtambo, ikatoka na picha. Hapo ilipokewa na wanawake na wasichana. Msichana aliikata kwa mkasi kufuata umbo la chombo. Mwanamke akaibandika juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, akaisugua kwa nguvu kwa brashi ngumu. Karatasi ikaoshwa kwa maji, picha ikabaki. Sahani ilitiwa motoni ili mafuta yaungue, ikachovywa katika maji ya kung'arisha, ikachomwa tena.

Rangi ya buluu ilipendwa kwa kuwa kobalti huvumilia moto mkali, tena rangi nzito huficha kasoro za chombo. Lakini maji yale ya kung'arisha yalikuwa na risasi, na wachovyaji wengi walidhurika kwa sumu yake. Jambo hili mnunuzi wa New York hakuliona mezani pake.

Kwa kawaida mafundi hawakuvuka bahari kwenda kuitazama miji waliyoichora. Walinakili picha zilizochapwa na wengine. Wala biashara haikuona haya. Enoch Wood wa Burslem aliuza sahani za ushindi wa MacDonough katika ziwa Champlain mwaka 1814, na walioshindwa pale walikuwa manowari za Kiingereza! Ndugu wawili wa Cobridge, waitwao Clews, walichapa picha ya Lafayette akishuka New York mwezi wa Agosti, 1824. Huyu ni yule jemadari Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani kupigana na Waingereza katika vita vya uhuru wao.

Kiwanda cha akina Clews kilifungwa katika miaka ya 1830. Ndipo James Clews alipokwenda mwenyewe Marekani, akaanzisha kazi ya ufinyanzi katika mji wa Troy, Indiana. Kazi hiyo haikufaulu, akarudi kwao Uingereza.