Mimea, Shaba na Neno "Kuvumilia"

Katika vilima vya shaba vya Katanga, vile vya Likasi vikiwamo, wingi wa madini udongoni huzuia miti mingi kuota. Hubaki nyasi na mimea mifupi, mathalani Haumaniastrum katangense, maarufu kama ua la shaba. Husemwa kwamba mimea hiyo "huvumilia" shaba. Neno hilo ni sahihi, lakini darasani halitoshi, kwani linafunika njia mbili tofauti. Mmea unaozuia huibakiza shaba mizizini. Mmea unaolimbikiza huipandisha na kuihifadhi majanini. Yote miwili huonekana yenye afya.

Kuna pia jambo la tatu, nalo si uvumilivu: vumbi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa vumbi lililonata majanini lilikuwa limekuza vipimo vya awali vya shaba katika mimea ya Katanga.

Tofauti hizi zinamhusu hata mlaji wa lengalenga iliyolimwa karibu na mabaki ya viwanda. Vumbi laweza kupunguzwa kwa kuoshwa. Shaba iliyomo ndani ya jani haioshwi. Kwa hiyo inafaa mwanafunzi afundishwe kwanza kutenganisha kuzuia, kulimbikiza na kuchafuka, ndipo aruhusiwe kusema "kuvumilia".