Uji na Chakula cha Mchana kwa Kila Mtoto wa Shule

Nenda siku moja katika shule ya kijiji chako saa nne asubuhi, ukae nyuma ya darasa. Utaona watoto wengine wanainua mikono kujibu maswali. Wengine wamelaza vichwa juu ya madawati. Mtu atakuambia hao ni wavivu. Kabla hujakubali, waulize walikula lini mara ya mwisho.

Mtoto aliyekula ugali saa moja usiku, akatoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata uji, ikifika saa nne amekaa saa 15 bila chakula. Akisubiri mpaka arudi nyumbani saa tisa alasiri, zimekuwa saa 20. Ubongo hufanya kazi kwa sukari inayoletwa na damu. Wakati tumelala, ini hutoa sukari kidogo kidogo kutoka katika akiba yake. Akiba ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima, lakini ubongo wake unahitaji sukari nyingi kwa kuwa bado unakua. Basi mtoto huyo anachoka, anasinzia, na maneno ya mwalimu yanampita. Minyoo na upungufu wa damu huleta hali kama hiyo, kwa hiyo mtoto anayesinzia hata baada ya kula apelekwe zahanati.

Wazazi wengi wanalijua jambo hili. Ubishi unakuja tunapouliza: nani apewe chakula hicho?

Hapa Tanzania elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Ada iliondolewa, lakini chakula cha shuleni kwa sehemu kubwa kimebaki kuwa mchango wa wazazi. Mmoja analeta debe la mahindi, mwingine maharage, na mwingine haleti. Kengele ya chakula ikilia, mtoto wa yule asiyeleta anaambiwa akae pembeni. Mkosaji ni mzazi, lakini anayelala njaa ni mtoto.

Usifikiri ni sisi tu. Marekani, nchi tajiri, ilitunga sheria ya taifa ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946. Chakula cha asubuhi kilianza kwa majaribio mwaka 1966, kikawa mpango wa kudumu mwaka 1975. Watoto waligawanywa mafungu matatu: wanaokula bure, wanaolipa kidogo, na wanaolipa bei kamili. Mzazi alitakiwa kujaza fomu kueleza kipato chake. Wengine hawakujaza kwa aibu, na wengine kwa kutojua kusoma vizuri lugha ya fomu. Katika baadhi ya shule mtoto mwenye deni alinyang'anywa sahani mbele ya wenzake, na chakula kikatupwa. Wapo watoto wakubwa walioona afadhali washinde na njaa kuliko kuonekana maskini.

Mwaka 2010 sheria mpya ilifungua njia nyingine, na kuanzia mwaka wa shule wa 2014 njia hiyo ikapatikana nchi nzima. Ikiwa watoto 40 katika kila 100 tayari wanatambuliwa na serikali kwa mipango ya misaada, kama ule wa chakula kwa jamaa zao, shule au wilaya nzima ya shule inaweza kuwapa watoto wote chakula cha asubuhi na cha mchana bure. Hakuna fomu, wala kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Mwaka 2023 kiwango hicho kilishushwa hadi 25 katika 100. Fedha ya serikali kuu haitoshi kila mahali, na wilaya nyingine hulazimika kujazia. Lakini kazi ya kukagua fomu na kudai madeni imepungua. Wapo wanaouliza kwa nini mtoto wa tajiri naye ale bure. Mimi nauliza: mbona hatuulizi kwa nini anakalia dawati bure?

Sasa turudi kijijini. Mkikubaliana kupikia watoto wote, kaya isiyotoa mchango ijadiliwe na kamati ya shule. Isijadiliwe mbele ya sufuria.

Halafu angalieni kinachopikwa. Mahindi peke yake hayajengi mwili vizuri. Yakipikwa pamoja na maharage, kila kimoja hujaza upungufu wa mwenzake. Kwa hiyo makande ya bibi zetu ni chakula cha maana sana. Ongezeni mboga za majani, na chumvi yenye madini joto. Chungwa au papai baada ya chakula husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai huyazuia, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula.

Ghala ndilo linalonitia hofu zaidi. Mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi huota kuvu, na kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafa. Anikeni mahindi juu ya turubai mpaka yakauke kabisa, chagueni punje zilizovunda na kuzitupa, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Dawa za shamba zisikae kamwe katika ghala la chakula, wala chombo chake kisitumiwe tena. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kilichopikwa kwa mafuta yenye sumu ya kuulia wadudu wa mazao. Kwa hiyo mwekeni mtu mzima mmoja kila siku, mwalimu au mzazi wa zamu, aonje chakula nusu saa kabla ya watoto. Na mpishi akisema mafuta yana harufu, yamwagwe siku hiyo hiyo, hata kama watoto watakula mahindi ya kuchemsha.