Soko Kuu la Bujumbura na Sisi wa Rumonge



Mtu akatae mikungu ya michikichi huko Rumonge aweza kudhani kwamba jengo lililo katikati ya Bujumbura halimhusu. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya kando ya ziwa, na wengi wetu hatuendi huko ila kwa msiba au kwa hospitali. Lakini kwa karibu miaka ishirini jengo moja la mji ule lilikuwa na neno katika bei ya mawese yetu, ya ndagala zetu, hata ya nguo tuliyowavika watoto. Nalo ni Soko Kuu, lililoungua Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013.

Bujumbura, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Usumbura, ni mji uliokua kwa biashara ya ziwani. Bandari iko chini, kati yake na soko kuna maduka ya Waasia, na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, uko jirani. Katikati ya hayo yote, mwanzoni mwa miaka ya 1990, likajengwa Soko Kuu jipya, kubwa kuliko soko lo lote nchini. Usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo SOGEMAC, nayo ndiyo iliyopangisha vibanda na kukusanya kodi.

Tueleze sasa kwa nini jengo hilo lilikuwa na nguvu hivyo. Halikuwa soko la kununulia nyanya tu. Wafanyabiashara wa jumla walikuwa humo, na mwenye duka wa mikoani alikuja pale kuchukua vitenge, sabuni, sukari na viatu. Waliotoka kwetu walipeleka mawese na samaki, wakarudi na bidhaa za dukani. Kwa hiyo bei ikipandishwa pale asubuhi, haichukui siku nyingi kufika Rumonge. Isitoshe, wenye mali wengi walilaza humo shehena yao, na wengine fedha taslimu pia, kwa kuwa waliona kibanda chenye kufuli ni salama kuliko nyumba. Ghala la nchi nzima, twaweza kusema, lilikuwa chini ya paa moja.

Moto ulishika asubuhi, kabla ya soko kufunguliwa. Magari ya zimamoto yalikuwa machache mno kwa jengo kubwa kama lile, na Rwanda ikatuma helikopta zije kusaidia. Mji umekaa ukingoni mwa ziwa lililo la pili duniani kwa kina, na bado maji hayakutosha! Tukio hilo linatuuma hata leo.

Sasa angalieni hesabu ya mkopo. Mfanyabiashara hukopa benki, hununua bidhaa, huuza, hulipa, hukopa tena. Bidhaa zikiungua deni haliungui nazo. Mwenye bima hulipwa na kampuni ya bima, lakini wengi pale hawakuwa na bima, nao wakabaki na deni mkononi bila kibanda. Hao angalau majina yao yalikuwa kwenye daftari la kodi. Wachukuzi, wasukuma mikokoteni, walinzi wa usiku, mafundi cherehani na akina mama waliopika chakula cha mchana, hawakuandikwa po pote. Hawakuwa na mkataba, basi hawakuwa na cha kudai. Na hata aliyeandikishwa INSS, shirika lile hutoa pensheni na fidia ya ajali ya kazini. Halimlipi mtu kwa sababu mahali pake pa kazi pameteketea. Jambo hili sisi twaliona ni kubwa kuliko hasara ya jengo.

Biashara haikufa, ilitawanyika. Wengine walikwenda Ruvumera kule Buyenzi, wengine kwa Siyoni, wengine kwenye soko la Ngagara ambalo watu hulitaja kwa jina la kiwanda cha nguo, Cotebu. Mtu wa Rumonge aliyezoea kumaliza shughuli zake mahali pamoja ikambidi kuzunguka mji na bido zake za mawese, kila safari na nauli yake, na nauli hiyo mtajua wenyewe iliishia kwenye bei ya nani.

Masoko makubwa huungua kwingineko pia. Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1975, iliungua Julai 2021, na baadaye kazi ya kuijenga upya ikaanza. Ya Bujumbura haikwenda hivyo. Mwaka 2023, miaka kumi baada ya moto, nguzo za Soko Kuu zilikuwa bado zimesimama katikati ya mji, zimezungukwa na uzio, na majani yameota pale vilipokuwa vibanda.