Taarifa za Mlipuko Zikipishana, Mchimbaji Aamini Ipi?

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba watu tisa mkoani Kagera wanashukiwa kuugua homa ya Marburg, na wanane kati yao wamekwishafariki. Haikupita siku mbili, Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zimepimwa na hakuna aliyekutwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa ya wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuugua. Wote kumi walikufa.

Biharamulo inapakana na Chato, mkoani Geita. Wachimbaji, mamantilie na madereva wanaokwenda Katoro, Geita mjini na Kahama hupita huko kila siku. Nao wachimbaji wana sababu ya ziada ya kuiogopa Marburg. Kati ya 1998 na 2000 ugonjwa huu uliwashambulia wachimbaji wa dhahabu wa Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo: waliugua watu 154, wakafa 128. Wengi walikuwa vijana walioingia chini ya ardhi, na mlipuko ulikoma baada ya mgodi wa Goroumbwa kujaa maji. Mwaka 2007 virusi hivyohivyo viliwapata wachimbaji wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Popo wanaokula matunda, ambao hulala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi, ndio wanaovihifadhi.

Je, katika siku zile sita mkazi wa Geita alipaswa kumwamini nani? Aliyeulizwa swali hilo kijiweni alitakiwa kuchagua upande. Kitaalamu, swali la kwanza ni jingine: kila upande umesema nini hasa?

WHO haikusema mlipuko umethibitika. Ilisema kuna watu wanaoshukiwa, na kwamba majibu ya maabara yanasubiriwa. Wizara ilizungumzia sampuli zilizokwisha kupimwa. Jibu hasi linahusu damu ile iliyopimwa, siku ile iliyochukuliwa. Damu ya mgonjwa aliyeanza homa jana inaweza isioneshe virusi, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Na waliozikwa kabla ya kupimwa hawamo kabisa katika jibu hilo. Kosa ni kuligeuza kuwa ahadi kwamba hakuna ugonjwa.

Wengi walijiuliza WHO ilipataje habari kabla ya serikali kutangaza. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa. Kanuni hizohizo zinairuhusu WHO kupokea habari kutoka vyanzo vingine, kisha kuiomba nchi husika izithibitishe. Kwa hiyo tangazo lake si lazima liwe uadui na serikali, wala halipaswi kumezwa bila kutafunwa.

Mkanganyiko huu una historia, na sehemu yake ilitokea humuhumu mkoani Geita. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zilirudi na majibu ya korona. Mwezi huo takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mzima hazikutolewa nyingine. Pengo hilo likajazwa na sauti za kurekodiwa, nyungu na uvumi.

Lakini hata wakati ule zilikuwapo taarifa zenye uzito. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliwaonya waumini juu ya wimbi jipya. Machi, katibu mkuu wake, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki katika muda wa miezi miwili. Hesabu hiyo haikuthibitisha chanzo cha kila kifo. Uzito wake ulitokana na kwamba Kanisa linawajua watu wake kwa majina, hivyo likaona idadi isiyo ya kawaida.

Machimbo nayo yana uwezo huo. Mwenye duara anajua nani hajashuka leo, na msimamizi wa karasha anajua nani amerudishwa kwao akiwa mgonjwa. Wawili wakiugua homa kali na kutapika baada ya kufanya kazi shimo moja, au baada ya kumuuguza mtu mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mganga mfawidhi wa zahanati aambiwe siku hiyohiyo. Namba 199 ya Wizara hupigwa bila malipo.

Katika kupima habari, fanya kama unavyouza dhahabu: usitegemee mizani ya mnunuzi peke yake. Tafuta vyanzo viwili visivyonakiliana. Ujumbe uleule kwenye makundi kumi ya WhatsApp ni chanzo kimoja. Tazama tarehe, na uulize kama msemaji alimwona mgonjwa, alisoma majibu, au alisimuliwa.

Ukisambaza, andika nani kasema, lini, na kama jambo linashukiwa au limethibitishwa. Usitaje jina la mgonjwa wala kutuma picha yake; wengi hujificha kwa kuogopa aibu hiyo. Kumbuka pia kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko bila idhini ya mamlaka. Mweleze mtoa huduma wa afya kwanza.

Kinga yenyewe haisubiri wakubwa wakubaliane. Marburg huanza kama malaria: homa, kichwa, uchovu. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na homa ikiendelea, rudi kituoni. Usiguse kwa mikono mitupu damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa. Usioshe maiti ya aliyekufa kwa homa isiyoeleweka kabla ya wataalamu kuitwa. Shimo lenye popo liacheni. Ikithibitika kuwa hakukuwa na mlipuko, mtakuwa mmepoteza siku chache za kazi. Ukiwapo, mtakuwa mmeokoa kambi nzima.