Uchunguzi Utangulie Tiketi

Familia ya Kimarekani iliyokwenda Kampala kuchukua mtoto, katika miaka ya kabla ya 2016, ilikutana na swali zito kuliko yote mwishoni kabisa mwa safari. Kwa nchi ambazo hazijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kimataifa, sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtaka ofisa wa ubalozi ajiridhishe, kabla ya kutoa viza, kwamba mtoto ni yatima kwa tafsiri ya sheria hiyo. Lakini hebu tazama hali ilivyokuwa siku ambayo swali hilo lilifika mezani. Mahakama Kuu imekwisha kutoa amri. Mtoto ana pasipoti mpya, amekwisha pimwa na daktari, amelala chumba kimoja na wazazi wake wapya kwa wiki kadhaa na ameanza kuwaita mama na baba. Ada za wakala, za wakili na za kituo zimelipwa, makumi ya maelfu ya dola, na tiketi za kurudi zina tarehe. Kila mtu aliyekuwa na wajibu wa kuuliza alikuwa sasa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Hoja yangu ni kwamba ubaya haukuwa katika wageni kusafiri, wala katika kumpenda mtoto asiye wa damu yao. Ubaya ulikuwa katika mpangilio wa hatua: uchunguzi wa kwao mtoto uliwekwa nyuma ya safari badala ya kuitangulia.

Uganda inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu sheria yake, ukiisoma tu, ilikuwa kali. Sheria ya Watoto ilimtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu na kumlea mtoto miezi 36 kabla ya kumwasili. Ni wageni wachache walioweza hayo, basi mawakili wakapita mlango mwingine. Waliomba Mahakama Kuu impe mgeni ulezi wa kisheria, naye akaondoka na mtoto na kukamilisha kuasili katika jimbo lake huko Marekani. Miaka mitatu ikageuka wiki chache hotelini. Jalada lililofika kwa jaji halikuwa nene: barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ripoti ya afisa ustawi wa jamii, maelezo ya kituo alicholelewa mtoto, cheti cha kifo cha baba, na kiapo cha mama au bibi kilichowekwa dole gumba. Cheti cha kifo kilikuwa na kazi maalumu. Sheria ya Marekani haisemi kwamba yatima ni lazima awe amefiwa na wazazi wote wawili. Mzazi mmoja aliyebaki, asiyeweza kumtunza mtoto, akimwachia kwa maandishi yasiyotanguka, inatosha. Kwa hiyo karatasi mbili, moja ya kifo na moja ya dole gumba, ziliweza kumfanya mtoto mwenye mama hai kuwa yatima halali, bila mtu yeyote kutoka mahakamani au ubalozini kukanyaga ua wa mama huyo.

Kilichotokea baadaye kimo katika kumbukumbu za serikali. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wa wakili huyo, ikisema kwamba watoto waliondolewa vijijini kwa wazazi kuahidiwa kuwa wanakwenda kusomeshwa, wakapelekwa katika vituo vya Kampala, na kwamba rushwa ilitumika ili amri za ulezi zitoke. Kabla ya hapo, familia moja ya Ohio ilikuwa imegundua ukweli kwa njia ambayo hakuna jalada lingeionesha: mtoto alipojua Kiingereza cha kutosha, alianza kuwaeleza habari za mama yake, aliyekuwa hai. Mwaka 2016 walimrudisha Uganda kwa mama huyo. Wakala waliyemtumia alifungiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mwishoni mwa mwaka huohuo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa sana kwa nini mama aliweka dole gumba. Kumpeleka mtoto kwa mjomba au shangazi mjini ili asome ni jambo la kila siku kwetu. Mtoto hurudi likizo, hurudi msibani, na hata akikaa miaka kumi kwa watu hakuna anayesahau ni wa nani. Mama anayeambiwa kwamba mzungu mwenye uwezo atamsomesha mwanawe anaielewa habari hiyo kwa kipimo anachokijua. Kwamba kuna utaratibu wa kisheria unaomfuta yeye kabisa katika umama, ukabadilisha hata jina la mtoto na kuandika wazazi wengine, ni jambo ambalo halikuwahi kuwepo katika maisha yake. Huyo hakudanganywa kuhusu kila kitu. Alidanganywa kuhusu kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichokuwa na maana.

Mkataba wa The Hague ulitungwa kwa kuzingatia udhaifu wa aina hii. Unataka nchi ya mtoto ihakikishe kwanza kwamba malezi ya ndani ya nchi yamefikiriwa, kwamba ridhaa imetolewa kwa hiari na kwa maandishi baada ya ushauri, kwamba haikununuliwa, na kwamba ya mama haikutolewa kabla mtoto hajazaliwa. Unataka pia mamlaka za nchi zote mbili zikubaliane kabla mtoto hajakabidhiwa. Na unaweka katazo ambalo wageni wengi huliona la ajabu: isipokuwa anayeasili ni ndugu, au mamlaka imeweka masharti yake, wazazi watarajiwa wasikutane na wazazi wa mtoto wala wanaomlea mpaka uhakiki huo wa awali ukamilike. Sababu yake ni hiyohiyo niliyoitaja; mtu akishampakata mtoto, maswali yake yamekwisha. Marekani yenyewe ililiona tatizo. Kuanzia Septemba 2013 iliweka kwa Ethiopia, ambayo haikuwa mwanachama wa Mkataba, utaratibu wa kuchunguza hadhi ya mtoto kabla kesi ya kuasili haijaamuliwa na mahakama ya huko. Watumishi walikuwa walewale na fomu karibu zilezile. Kilichobadilika ni zamu ya swali.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Kuchelewa kunaumiza watoto, na ushahidi upo. Mradi wa Bucharest, ulioanza mwaka 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, uliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Romania na kuonesha kwamba waliohamishiwa kwa familia za malezi walikua vizuri zaidi kuliko waliobaki vituoni, hasa waliohama kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Basi, watasema, kila mwezi wa uchunguzi ni mwezi wa hasara kwa mtoto. Nakubali hasara hiyo, ila nautazama utafiti wenyewe: familia zilizowasaidia watoto hao zilikuwa za Romania, palepale Bucharest, si za ng'ambo. Unatufundisha kumtoa mtoto kituoni haraka. Hautuambii kwamba haraka hiyo ni lazima iishie uwanja wa ndege. Mtoto anaweza kulelewa na bibi, na familia ya malezi, au kwa kafala, malezi ya Kiislamu yasiyokata nasaba, ambayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua, huku afisa akienda kijijini kwao. Tena uchunguzi wa kweli hauchukui miaka. Ni safari mbili au tatu za kijijini, kuzungumza na upande wa mama na upande wa baba, kumsomea mzazi hati kwa lugha yake, kumuuliza kama angepata karo na chakula bado angemtoa mtoto, kisha kurudi baada ya wiki kadhaa kumuuliza tena. Kinachochukua miaka ni majalada kulala kabatini.

Pingamizi la pili linatoka Kongo, nalo lina uchungu wake. Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia ya familia zilikuwa tayari na hukumu halali. Wapo waliokwisha kusafiri, na baadhi ya wazazi walibaki Kinshasa na watoto wao kwa miezi huku mwenzi mmoja akirudi kazini Ulaya au Marekani. Vibali vilianza kutoka kwa makundi mwishoni mwa 2015 na mapema 2016. Je, huo si ukatili unaofanywa kwa jina la uangalifu? Ni kweli, na sitautetea. Lakini tazama serikali ilifunga mlango upi: wa mwisho. Iliziachia mahakama zitoe hukumu, ikawaachia watu walipe na wasafiri, kisha ikaanza kushuku karatasi pale kwenye dirisha la uhamiaji. Ni kosa lile la Kampala, limeegemea upande wa pili.

Pingamizi gumu zaidi kwangu ni kwamba hata Mkataba hautoshi. Kenya ilijiunga mwaka 2007, na bado Novemba 2014 baraza lake la mawaziri lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto na wageni. Korea Kusini ilipeleka nje watoto zaidi ya 140,000 tangu vita vya 1950, na Machi 2025 tume yake ya ukweli na maridhiano ilikiri kwamba kumbukumbu zilighushiwa na watoto wenye wazazi wanaojulikana wakaandikwa kuwa wameokotwa. Karatasi hughushiwa popote, na Mkataba nao husafiri kwa karatasi. Kwa hiyo naongeza sharti ambalo maandishi yake hayalisemi wazi vya kutosha: anayechunguza asilipwe na ada ya kuasili. Kituo kinachopata fedha mtoto akiondoka hakiwezi kuaminiwa kusema kwamba mtoto ana shangazi kule Masaka, Uganda, aliye tayari kumlea.

Nchi zetu kadhaa zimechagua dawa nyingine, ya kumtaka mgeni akae. Uganda, iliporekebisha sheria mwaka 2016, iliziba mlango wa ulezi kwa wageni na kuweka ukaazi wa mwaka mmoja pamoja na malezi ya mwaka mmoja, ingawa mahakama inaweza kulegeza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inataka miaka mitatu mfululizo nchini na angalau miezi mitatu ya kumlea mtoto chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Masharti haya yamepunguza biashara, na yana faida moja isiyoandikwa: mgeni akikaa, majirani huongea, na ndugu wa mtoto hupata habari. Hata hivyo ukaazi unatuambia mgeni ni nani. Hautuambii mama wa mtoto yuko wapi. Anayepita kirahisi ni mmisionari au mfanyakazi wa shirika, si lazima awe mlezi bora. Uganda, Tanzania na Kongo ya Kinshasa bado ziko nje ya Mkataba, na kujiunga, pamoja na bajeti ya maafisa wa kwenda vijijini, kungezisaidia kuliko kuongeza miaka ya ukaazi.

Biashara yenyewe imesinyaa. Marekani ilipokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004. Mwaka 2023 hawakufika 1,300. Ethiopia ilipiga marufuku Januari 2018, China ikasitisha Septemba 2024, na Uholanzi ilitangaza mwaka huohuo kwamba haitaanzisha maombi mapya. Lakini watoto wachache bado wataondoka, na bado mtu atafika na wino na karatasi nyumbani kwa mama mwenye shida. Ukiwa wewe ndiye uliyefikiwa, au dada yako, taka hati yote isomwe kwa lugha unayoielewa mbele ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya, uliza kama mtoto atabaki wako kisheria, na usiweke dole siku hiyo hiyo.