Baada ya Matanga: Kumsaidia Aliyefiwa

Leo tunamzungumzia mtu ambaye sisi humsahau mapema mno, naye ni yule aliyefiwa.

Wakenya hatushindwi na mazishi. Mtu akifariki, majirani hukusanyika kila jioni, mchango hufanywa, hema na viti hukodishwa, na kina mama wa chama huja na sufuria zao kupika. Siku ya kuzika, boma hujaa watu. Je, wiki moja baadaye hali huwaje? Hema limeondolewa, viti vimerudishwa, na jamaa wamepanda magari kurudi Nairobi, Mombasa au Nakuru. Mfiwa amebaki na nyumba iliyonyamaza, na kiti ambacho hakuna anayetaka kukikalia. Wakati huo ndio uchungu huzidi, na ndio wakati msaada wetu hukauka.

Msikilizaji, huzuni ya kufiwa si ugonjwa. Mtu anaweza kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kusahau mambo, kukasirika ovyo, au kudhani amesikia sauti ya marehemu. Hayo ni ya kawaida na kwa wengi hupungua polepole. Wala usimwambie mwanamume asilie. Machozi hayana jinsia.

Sasa, tumsaidieje? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wengi wetu humwambia mfiwa, "Ukihitaji kitu, niambie." Hatakwambia. Hana nguvu za kufikiria anachohitaji, na huona haya kuomba. Basi usimwulize. Mpelekee unga. Mchotee maji. Wapeleke watoto wake shule. Majirani wakigawana siku, mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi, hakuna atakayelemewa, na mnaweza kuendelea hivyo kwa miezi kadhaa.

Pili, angalia afya yake. Mtu mwenye presha, kisukari au anayetumia dawa za virusi vya ukimwi anaweza kuacha kumeza dawa bila hata kujua. Mkumbushe, na umsindikize kliniki tarehe yake ikifika. Akilalamika kwamba kifua kinamuuma, asiambiwe ni huzuni tu. Apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu kufiwa kunaweza kuuathiri moyo wenyewe.

Tatu, msikilize. Maneno kama "Nyamaza, ni mapenzi ya Mungu" au "Wewe bado kijana, utazaa mwingine" hufunga mdomo wa mfiwa. Kaa naye. Mtaje marehemu kwa jina lake. Akirudia kisa kilekile mara kumi, kisikilize mara kumi.

Nne, usiwasahau watoto. Usimwambie mtoto kwamba baba amelala au amesafiri. Ataogopa kulala, au atakaa mlangoni akimngoja. Mwambie kwa upole kwamba baba amekufa na hatarudi, kisha umhakikishie nani atakayemtunza. Mwalimu wake pia ajulishwe.

Tano, msindikize ofisini. Kuna cheti cha kifo, barua ya chifu, benki na mambo ya urithi. Mjane akienda peke yake huchoka na huweza kudanganywa. Afahamu kwamba Sheria ya Urithi hairuhusu mtu yeyote, hata shemeji, kujichukulia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria.

Labda unajiuliza, huzuni ichukue muda gani? Hakuna kipimo kimoja. Mila na dini zetu zinajua kwamba haiishi kwa siku moja. Kwa Waislamu, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, isipokuwa awe mjamzito, ambapo eda huisha akijifungua. Lakini ikiwa zaidi ya miezi sita imepita na mtu bado hawezi kufanya kazi, kujitunza wala kutunza wanawe kwa ajili ya uchungu, anahitaji mtaalamu. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu mwaka wa 2022, na kuna matibabu ya ushauri yanayosaidia.

Usingoje miezi sita ikiwa mfiwa anasema heri angekufa, anagawa vitu vyake, amezama katika pombe, au haonji chakula. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali. Zamani wengi waliogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Msaada unapatikana wapi? Anza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba zenu. Katika hospitali, uliza mshauri nasaha au afisa wa ustawi wa jamii. Makanisa na misikiti mingi ina watu wa kuwatembelea wafiwa, na vikundi vya wajane huwakutanisha waliopitia njia hiyo hiyo. Ukiwa na simu, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Kwa mambo ya watoto, piga 116, nayo pia haina malipo.

Mpenzi msikilizaji, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usioubeba wewe huuoni uzito wake. Mfikirie mtu mmoja aliyezika mwaka huu. Kesho usimpigie simu kumwuliza anahitaji nini. Beba unga, ubishe hodi.