Yamaha ya Bibi Shamba

Ukiona bodaboda imepaki mbele ya duka, ujue unaangalia mjukuu wa Mjapani. Bajaj walipoingiza Boxer sokoni miaka ya 1990 walikuwa wakishirikiana na Kawasaki. TVS walikuwa na ubia na Suzuki hadi 2001. Na pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Huwa nawaeleza hivyo vijana wa kijiweni kwetu, kisha naongeza kwamba mimi niliendesha babu wa pikipiki hizo kabla mama zao wenyewe hawajaolewa. Wanacheka. Wanachokiona ni bibi mwenye kitenge na miwani.

Nilikuwa bibi shamba. Nilipangiwa Njombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Njombe ingali wilaya ya Mkoa wa Iringa, nikapewa vijiji vilivyotawanyika juu ya vilima vya mahindi, viazi na pareto. Mradi mmoja ulipotuletea pikipiki aina ya Yamaha AG100, mabwana shamba wenzangu walishaanza kupanga nani atachukua ya kwangu, maana waliamini nitaikataa. Nikaomba ufunguo.

AG100 ilibuniwa kwa ajili ya shamba. Yamaha waliwalenga wafugaji wa Australia na New Zealand, lakini ungeapa kwamba mbunifu wake aliwahi kulala Njombe wakati wa masika. Ina keria mbele na nyuma. Cheni imefunikwa yote isile tope. Stendi za pembeni ni mbili, kushoto na kulia, hivyo unaiegesha kwenye mteremko wa upande wowote bila kuanguka. Mbele nilifunga mfuko wa mbegu, nyuma pampu ya dawa, katikati nikakaa mimi na suruali ya kaka yangu chini ya kitenge. Wazee walikuwa wakinipokea kwa salamu ya "kamwene" huku macho yao yako kwenye pikipiki.

Sauti yake hamtaisikia tena mara kwa mara. Tang-tang-tang, nyembamba na ya haraka, na nyuma moshi wa buluu wenye harufu ya oili iliyoungua. Hiyo ni injini ya mizunguko miwili. Bodaboda za leo ni za mizunguko minne: pistoni inapanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Ile ya zamani iliwasha moto kila pistoni ilipopanda, kwa hiyo injini ya cc 100 tu ilivuta mzigo mlimani bila kunung'unika. Haikuwa na valvu za kurekebisha wala kemu. Ukifungua kichwa unakuta tundu na pistoni, basi.

Bei ya urahisi huo ilikuwa oili. Kwenye injini hiyo petroli hupita kwanza chini ya pistoni, pale palipo na mkono na beringi, ndiyo maana oili lazima iende pamoja nayo na kuungua pamoja nayo. Pikipiki za awali zilitaka uchanganye mwenyewe ndani ya tanki. Yamaha waliondoa kero hiyo mwaka 1964 kwa kifaa walichokiita Autolube: oili ina tanki lake dogo, na pampu inaidondosha kulingana na unavyovuta mafuta. Ni kazi safi, ila pampu haina huruma. Tanki dogo likikauka, pistoni inashika na injini inanoki, na wewe uko kilomita nyingi kutoka barabara kuu. Miaka ile baada ya vita vya Kagera petroli ilitoka kwa kibali, na oili ya pikipiki ilikuwa adimu kuliko petroli. Nilikuwa nikiificha chini ya kitanda, karibu na sukari.

Halafu kulikuwa na hewa ya Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na juu huko hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa watu wa pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, moto unaungua vibaya, plagi inakuwa nyeusi kama mkaa. Kila mwendesha pikipiki wa nyanda za juu alitembea na plagi za akiba, msasa na spana ya plagi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa imeng'ata majani, ulikuwa unapiga kiki mpaka jasho likutoke ndani ya koti.

Masizi yalijaa pia kwenye eksozi, na ikiziba pikipiki inapoteza nguvu kidogo kidogo hadi unadhani umeongezeka uzito. Dawa yake haikuhitaji gereji. Ndani ya eksozi kuna bomba dogo lenye matundu. Unalichomoa, unalichoma kwenye jiko la mkaa mpaka liwe jekundu, unaligonga, masizi yanapukutika. Mama mwenye nyumba niliyopanga alitoka siku moja ameziba pua kwa kanga.

"Mwanangu, unapika nini?"

"Napika eksozi, mama."

Akarudi ndani. Jioni aliniletea ugali na figiri, nadhani kwa kunionea huruma.

Baadaye nilinunua ya kwangu mwenyewe, Honda XL125, kutoka kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao Italia. Ilikuwa ya mizunguko minne, haina moshi, na ulaji wake wa mafuta ulikuwa wa kistaarabu. Niliipenda kwa heshima. Ile Yamaha niliipenda bila sababu. Honda ilitaka upime valvu na ukague mnyororo wa kemu, na ukisahau kubadilisha oili inakuadhibu kimya kimya. Wahandisi wa Honda wenyewe waliliona hilo katika nchi zinazoendelea, ndipo CG125 wakaiondolea kemu ya juu yenye mnyororo na kuiwekea fito za kusukuma valvu, ili istahimili matunzo hafifu. Uamuzi huo wa karakana, nadhani, ndio uliomzaa bodaboda wa leo.

Jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu mababu hao wa Kijapani ni kwamba kampuni tatu kati ya nne kubwa za pikipiki za Japani zimetoka eneo moja, mji wa Hamamatsu na kandokando yake. Suzuki alianza mwaka 1909 kwa kutengeneza mitambo ya kufuma nguo. Yamaha walikuwa watengeneza vinanda, ndiyo maana nembo yao ina uma tatu za kupimia sauti. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka 1955. Soichiro Honda alianzisha kampuni yake mwaka 1948, akiwa ameshaanza kufunga injini ndogo kwenye baiskeli.

Vijana wananiuliza kama pikipiki zao ni mbaya. Si mbaya, na zinalisha familia nyingi kuliko zetu zilivyowahi kulisha. Ila zetu zilimlazimisha mpandaji awe fundi, na mimi niliona wasichana wa kijijini wakichuchumaa karibu yangu kuangalia plagi inavyotolewa, jambo ambalo hakuna semina iliyolifanya.

Zile za zamani bado zipo, kwenye stoo za parokia, nyuma ya ofisi za kata, chini ya magunia kwa wastaafu kama mimi. Ukiipata moja, usikimbilie kuiuza chuma chakavu. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, iache ilale. Kesho yake sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, injini hiyo inatengenezeka. Ikigoma, mwite fundi kwanza kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma.